Sauti ya Baba Isirushwe Hewani

Nateete, Kampala
9 Julai 2026

Kwa dada yangu Jamilah,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kisumu, wewe na shemeji Maalim Umar na watoto wote wanne, na kile kikohozi cha mdogo wao kiwe kimeshakwisha. Mimi mwili haujambo. Ninakula, ninalala, na ninaswali kwa kuchelewa kama unavyonijua. Moyo tuuache kwanza.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeupata, na wa Jumatatu pia, na simu zako saba nimeziona zikilia. Usidhani nimekuwa mtu mkubwa siku hizi. Kuna maneno ambayo nikiyasema kwa mdomo nitayapindisha, ndiyo maana nimekuja dukani kwa Ami Swaib nikamwomba karatasi. Kanipa, kisha akaniuliza kama ninaandika posa. Nimemwambia ndiyo.

Kama ujuavyo, tarehe ishirini na tano mwezi huu Baba anatimiza mwaka. Ijumaa ileile aliyokufa yeye alikufa pia Bi Abalo, yule mama mkwe katili wa mchezo wa televisheni wa kila Alhamisi. Mwaka jana Bi Abalo alipewa taarifa ya habari nzima, na mawaziri wakaenda kumlilia. Baba alipewa mstari mmoja uliopita chini ya picha, tena jina wamelikosea. Sasa kituo kimoja cha televisheni kimeona haya, kimeamua kuwakumbuka wote wawili katika kipindi kimoja kwa kuwa siku yao ni moja. Bango lao liko hapa kwenye steji ya teksi. Bi Abalo kushoto, Baba kulia, wametazamana kama maarusi. Maskini hawakuwahi kukutana, na Baba hakumpenda hata kidogo. Alikuwa akisema mama yule hulia kabla hajapigwa.

Inanichoma kuona watu wanavyomsifu sasa. Miaka thelathini alikaa nyuma ya pazia kwenye kibanda chake cha video, kipaza sauti mkononi, akiwatafsiria watu filamu za Wazungu na Wachina. Polisi wa Marekani yeye alimwita afande wa Nateete. Jambazi akitoroka, Baba alisema amekimbilia soko la Owino kujificha katikati ya mitumba, na watu wakacheka mpaka benchi likaanguka. Magazeti hayakumjua. Wenye heshima zao walimwita mpiga kelele. Leo wanamwita hazina ya taifa, na hazina yenyewe iko chini ya udongo.

Na wewe, dada, niruhusu niseme bila kuzunguka, uliona haya pia. Siku ya nikaha yako ukweni walikuwa masheikh na walimu wa madrasa, nawe hukutaka wajue kwamba baba yako ni yule mtu wa kibandani. Ukamwomba atoe idhini tu, Ami Swaib akuozeshe badala yake. Akatoa. Wewe hukuiona siku ile kama nilivyoiona mimi. Baba alivaa kanzu mpya tangu alfajiri, akakaa kitini pale nyumbani hadi magari ya harusi yaliporudi, na hakuivaa tena. Ulikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, sikulaumu. Nakukumbusha kwa sababu bila hilo yanayofuata hayaeleweki.

Jumamosi alinijia mtayarishaji wa kipindi hicho, mama mmoja mchangamfu anaitwa Phelister. Akanieleza kwa furaha kwamba dada yangu wa Kisumu ameahidi kumtumia sauti ya mwisho ya Baba, ile ya Idi Kubwa mwaka jana, ambamo anasema amekuwia radhi. Alisema watafunga kipindi kwa maneno hayo, na kwamba hakuna mtu nchini atakayeyasikia asilie. Nilimwomba anisubiri siku chache. Nilimsindikiza mpaka barabarani, na niliporudi sikuweza kuingia ndani, nikakaa kizingitini hadi adhana.

Dada, siku ile ya Idi Baba hakuwa na sauti. Novemba iliyotangulia daktari alimkuta na uvimbe kooni, wakampasua, wakaondoa kile kinachotoa sauti. Tangu hapo hakutamka hata jina lake. Alikuwa akiandika kwenye daftari la shule. Jambo la kwanza aliloliandika ni kwamba usiambiwe, wala mtu mwingine yeyote, kwa kuwa watu wakijua, kibanda kimekwisha. Unakumbuka tulipokuwa wadogo nilivyomwigiza Baba mpaka Mama akaitikia abee kutoka jikoni. Basi kuanzia mwezi huo mimi ndiye niliyekaa nyuma ya pazia. Baba alikaa pembeni yangu na kunigonga goti nilipokosea. Mchana alitembea na skafu shingoni, na watu wakaamini anaitunza sauti kwa kazi ya jioni, kwa hiyo hawakumsumbua na maongezi. Walitoka kibandani wakisema, "Mzee bado iko na nguvu." Baba alikuwa akicheka bila mlio, mabega tu yanapanda na kushuka.

Mwaka ule ulikuwa ukinipigia kila siku nikuombee radhi kwake. Nilimwomba mara tatu. Ya kwanza alitazama ukutani. Ya pili alichukua kofia akaenda msikitini. Ya tatu aliandika kwamba wewe una baba mwingine, yule aliyekuozesha. Halafu Idi ikafika, ukapiga unalia, kesho yake unapasuliwa ili mtoto atoke, ukasema unaogopa kufa ukiwa huna radhi ya mzazi. Nami sikuweza kukuambia amekataa. Nikaingia kibandani, kilikuwa kimefungwa kwa sikukuu, nikarekodi kwenye simu, kwa sauti ya Baba, maneno unayoyajua kwa moyo, nikakutumia. Jamilah mwanangu, nimekuwia radhi duniani na akhera. Ni mimi, dada. Ile pumzi kabla ya neno akhera, uliyosema ndiyo iliyokuliza, ni mimi nilitaka kuacha.

Ulipopiga kushukuru, mtoto kwapani, niliweka simu katika spika ili Baba asikie. Nilidhani kilio chako kitamlainisha, na uongo wangu utageuka kuwa kweli. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikusikia unasema utawaleta watoto likizo wamwone babu yao. Kisha akavuta daftari akaandika kwamba filamu ni za watu, humo nidanganye nipendavyo, lakini hili ni lake. Chini yake akaongeza neno moja, mwambie. Niliahidi. Kwa wiki saba, kila asubuhi, alilifungua daftari kwenye ukurasa uleule akaliweka kando ya chai yangu. Hata Ijumaa ile aliliweka.

Ulipofika alikuwa ameshazikwa. Ukawachezea kina mama matangani sauti yake, wakalia, wakakushika mikono, nami nimesimama mlangoni kama mwizi. Nilijiambia nitakuambia baada ya arobaini. Unaona sasa ni mwaka.

Sina la kukufariji. Nimelipekua daftari lote nikitafuta mstari mmoja wa huruma kwako, sikuuona. Nimemuuliza imamu wetu, bila kutaja jina, akasema mtoto amwombee mzazi wake na amtolee sadaka. Hakusema kama inatosha. Kibanda nimekifunga. Kwa sauti ya Baba siwezi kutafsiri tena, watu wanajua marehemu hasemi. Na sauti niliyobaki nayo, yangu mwenyewe, nikijaribu kuitumia, hata mimi simsikii mtu ndani yake.

Ninaloomba ni moja. Usimpe Phelister sauti ile. Nchi nzima itamsikia Baba akilitamka jambo alilolikataa mpaka kufa, na safari hii sitaweza kumwambia kwamba nilikuwa na huruma. Ukinichukia, una haki. Nilikupa kitu ambacho hakikuwa changu, na sasa nakunyang'anya.

Mfikishie salamu Maalim Umar, na unibusie watoto, hasa huyo wa Idi. Ami Swaib anakusalimu sana. Hajui ninachoandika, bado anasubiri jina la mchumba. Daftari nimelifunga pamoja na barua hii. Ukurasa wenyewe huna haja ya kuutafuta, litafunguka hapo.

Mdogo wako,
Sufian