Karatasi ya Damu na Mfuko wa Shati

Shoga, niko hai. Usipige simu, nimekatazwa kuongea sana.

Asubuhi kifua kilinibana nikiwa kwenye cherehani. Nikasema ni gesi. Nikanywa soda! Jasho likanitoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi, na mimi bado napiga pasi kola ya mteja.

Hospitali wakaniambia ni mshtuko wa moyo. Mimi! Eti chembe sahani, zile za kugandisha damu, ninazo nyingi kupita kiasi, ndizo zimeziba mshipa wa moyo.

Na nilivyokuwa najisifu! "Sindano ikinidunga, damu haitoki hata tone!"

Daktari akauliza, "Hujawahi kupima damu?" Nikamwambia nilipima, miezi mitatu iliyopita, majibu yako dukani. Mume wangu akayakimbilia.

Shoga, natamani ardhi ipasuke. Karatasi yenyewe nilishaikata umbo la mfuko wa shati, niwe naitumia kuchorea mifuko kwenye vitambaa. Ngumu, nzuri, ningeiacha? Kuisoma sikuisoma.

Daktari akaigeuzageuza, akasoma kilichobaki: "Chembe sahani zimezidi mno. Rudi haraka."

Nimeshonea mashati kumi na manane mifuko kwa kipimo cha kipande kile. Mfuko wa kushoto, shoga. Juu ya moyo kabisa.