Nyani Mzee na Macho ya Mama

Kaka yangu,

Barua yako nimeipata. Sisi hatujambo, ila nimekasirika na sitakuficha.

Unajua kazi yangu ni kulisha nyani kwenye kituo kinachochunguza jinsi ubongo unavyozeeka. Yupo mmoja wa miaka ishirini na sita, tunamwita Bibi. Daktari humwonyesha karanga, akaificha chini ya kimoja cha vifuniko viwili, kisha Bibi achague. Wiki tatu alikosea, daktari akaandika kwamba kumbukumbu zake zimekwisha. Mimi nilikuwa namwona anavyopapasa ukingo wa meza. Nikasema, "Daktari, hebu tumsogezee meza karibu." Tulipomsogezea alipatia mara tisa kati ya kumi. Kumbe ana mtoto wa jicho.

Sasa wewe unaniandikia kwamba Mama amerukwa na akili, eti ametia chumvi kwenye chai na hakutambui mpaka uongee, basi umemfungia chumba cha nyuma asikuaibishe mbele ya wageni. Kaka, nani aliyempima? Juzi nilipompigia aliniuliza kama kidonda cha mguu wangu kimepona. Nilimtajia mara moja tu, mwezi uliopita. Kuhusu kufungiwa hakusema neno.

Hata nyani amesogezewa meza, sembuse mama aliyekuzaa?

Jumamosi nakuja kumpeleka kwa daktari wa macho. Huo mlango ufungue leo, usiningoje mimi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye uchungu.