Maziwa ya Gari

Mama mkwe mpendwa,

Sijakusalimu bado, nisamehe, lakini mjukuu wako sasa hivi amemimina chai yake yote ndani ya kiatu changu, akakaa pembeni anakisubiri kiondoke. Nimecheka mpaka nikashindwa kumkaripia.

Shikamoo Mama. Miguu inaendeleaje, na lile jino lililokuwa linakunyima usingizi? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Usishangae kuona mwandiko wa wifi juu ya bahasha. Barua yangu ya kwanza ilirudi haijafunguliwa, ndipo nikamwomba yeye aniandikie anwani. Sasa umeshaifungua hii, tafadhali isome mpaka mwisho.

Najua mwanao amekueleza habari za gari, lakini alivyo mfupi wa maneno unamjua. Ilikuwa hivi. Mwenye nyumba wetu alifungua tangi la gari lake aongeze petroli, simu ikaita ndani, akaingia kuipokea. Mtoto alikuwa uani na kikombe chake cha maziwa. Akakimbia kuchukua faneli ya baba yake, ile ambayo baba yake humshikisha anapojaza mafuta lori la kazini, akalimiminia gari maziwa yote, hakujibakizia hata tone. Mwenye nyumba akarudi, akaongeza petroli yake juu, akampakia mkewe na viatu vyake virefu, hao harusini. Gari likazima katikati ya barabara. Fundi alipofungua mpira wa mafuta akanusa, akamwambia, bosi, gari lako bado halijaachishwa ziwa. Watu wote pale wakacheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotuponza. Waliporudi wanavutwa kwa kamba, mtoto akawakimbilia kuuliza kama gari limeshiba.

Mwenye nyumba akasema mtoto hana kosa, mwenye kosa ni aliyemzaa. Pampu mpya, tangi kusafishwa, na aibu ya mkewe, vyote vitalipwa na baba mtu kwa kuwa ana mshahara. Akatutaka tukajibu kesho yake jioni mbele ya wapangaji wote.

Mwanao akanikalisha kitandani, akanishika mkono vizuri kabisa, kama enzi za uchumba. Akasema mshahara wake ukiguswa tutalala njaa, lakini mtu asiye na kitu hakamuliwi. Tukisema mtoto si wake, mwenye nyumba atabaki na mimi, ataona sina hata kijiko, ataachia mwenyewe. Halafu tutakaa tucheke. Nikaona kweli mume wangu ana akili.

Basi tulivyosimama uani, akatia mikono mfukoni akasema yule mtoto alimkuta tu, mimi ndiye niliyekuja naye. Jirani yetu mfua nguo akamuuliza alimkuta wapi, stendi? Na hayo masikio mtoto kayaazima kwa nani? Watu wakaangua kicheko. Mtoto alikuwa amemng'ang'ania suruali anamwita baba, naye akambandua vidole kimoja kimoja. Mwenye nyumba akanigeukia. Nikasema ni kweli, si wake.

Nilisema kwa mdomo wangu, Mama. Tena nilipaza sauti ili na wa nyuma wasikie, maana ndivyo tulivyopatana.

Mwenye nyumba hakuachia. Alisema kama sina kitu, mikono ninayo, nimfanyie mkewe kazi mpaka gari lirudi barabarani. Asubuhi yake mwanao akafungasha nguo. Nikadhani na hilo limo kwenye mpango, hata nikamsaidia kukunja mashati. Tulipofika mlangoni ndipo aliponiambia nimekiri mwenyewe mbele ya watu, na yeye hawezi kuishi na mwanamke wa namna hiyo. Hasira zake nazijua, zitashuka tu.

Ila mke wa mwenye nyumba hataki mtoto aguse kitu chake. Kwa hiyo nikiwa kazini namfunga kiunoni kwa kitambaa, hapa jikoni kwao, kwenye mguu wa meza. Sikazi. Viatu vyangu ndivyo pekee anavyovifikia. Juzi ameniuliza, mimi nilikutwa wapi? Nikamjibu alikutwa kwa bibi, na bibi atakuja kumwona. Tangu hapo mlango ukigongwa ananyamaza, anasikiliza.

Mama, huyu ni damu yako. Siku aliyozaliwa ulimpakata ukasema ni baba mkwe mtupu. Njoo useme neno hilohilo mbele ya watu hawa. Miguu ikikataa, niandikie nimsomee. Sikuombi unirudishie mwanao, na mimi nichukie ukitaka, lakini usimkane mtoto. Nisalimie wote hapo nyumbani, waambie

Naitwa, Mama. Mke wa mwenye nyumba amepata wageni, nao wanataka kumwona yule mtoto aliyenyonyesha gari. Ananiambia nimfungue nimpeleke sebuleni haraka. Wageni wake hupenda kumuuliza baba yake ni nani, naye huwajibu kwamba alikutwa kwa bibi, na bibi anakuja.