Makosa Arobaini na Moja

Ndugu yangu, yule mtaalamu wa saikolojia amenivua nguo mchana kweupe. Ndiyo kwanza natoka kwake.

Unakumbuka alinipa daftari niandike kila siku nimelalaje na moyo ukoje? Mimi nimeandika makosa yake. Wiki kumi na mbili! Kuchelewa dakika nne, kupiga miayo, kuniita "mpendwa". Leo nikamsomea yote arobaini na moja, kwa sauti ya jukwaani.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na usingizi wako uliuandika wapi?"

Mimi huyu, nikabaki kupekua daftari!

Akasema sonona, huu ugonjwa wangu wa huzuni, peke yake ingeshaanza kupungua, ila nina tatizo la haiba: kila anayenikaribia namfungulia kesi, na tiba inakwama hapo hapo. "Wa aina yako hupona pia, kaka, ila polepole."

Wa aina yako! Kaniambia usoni, wa aina yako!

Akauliza nimebakiwa na nani nisiyemshitaki. Nikakutaja wewe, wewe peke yako.

Naona ujumbe huu umeshausoma. Dakika sita, kimya.

Hata kwenye msiba wa mama ulinyamaza hivi hivi. Usidhani nilisahau.