Kipande cha Muringa Nilichokuletea

Mwalimu,

Nimeketi kwenye meza yako hapa Githongo, ile ya sebuleni ambayo mkeo Mama Kendi alikukataza kuchongea mbao na wewe ukachonga hivyo hivyo. Ni Jumamosi mchana. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mikahawa, na mimi mtu wa Siakago nimevaa sweta lako juu ya langu. Ulikuwa ukisema sisi watu wa Mbeere tukipanda huku juu tunajikunyata kama kuku walionyeshewa. Leo nakubali, usicheke sana.

Nina neno la kukuambia, na ningekuambia ukiwa hai kama kiburi changu kingenipa nafasi. Ile ndege yetu ndogo ya remoti ilipokuwa ikitetemeka, kosa halikuwa lako. Lilikuwa langu. Nimelijua jana.

Wacha nianzie mwanzo, kwa sababu hukupenda mtu anayeruka hatua.

Ulikuja kwenye kibanda changu sokoni mwaka ule uliostaafu kufundisha fizikia, umebeba mashine ya kufyekea nyasi iliyokufa. Mimi natengeneza misumeno ya petroli na pampu za maji, mashine kama hiyo ndiyo ugali wangu. Nikakuahidi itakata nyasi kama mpya. Ukasema, "Sitaki ikate nyasi, fundi. Nataka iruke." Nikakutazama viatu, nikatazama pikapu yako, nikajiambia huyu mzee wa Meru ametoroka kwao. Halafu ukafungua blanketi nyuma ya gari nikaiona ndege yenyewe, mabawa yake marefu kama mlango, imechongwa na kupigwa msasa mpaka inateleza. Haikuwa na injini. Siku hiyo sikufunga kibanda mapema kama nilivyozoea.

Tuligawana kazi bila kuandikiana. Mwili wa ndege wako, injini yangu. Kwenu ni miteremko na kahawa, hata kunguru hukosa pa kutua, ndiyo maana ulikuwa ukishuka kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi hadi ule uwanja mkavu nyuma ya soko letu. Wewe na remoti yako shingoni, mimi na bisibisi mfukoni, na watu wa soko wakija kutazama kana kwamba ni mkutano wa siasa. Ndege ilipoanguka, ulikuwa unasema, "Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi," kisha unaokota vipande huku ukipiga mluzi. Mimi ndiye niliyekuwa natukana.

Na propela? Ile ilikuwa ya sisi wawili. Mjomba wangu huchonga mizinga ya nyuki kwa mti wa muringa, nami nilichukua kipande kilichobaki chini ya kibanda chake nikakuletea. Sikumwuliza kimekauka kiasi gani. Kilikuwa na rangi mbili, upande mmoja mweupe, ule wa nje karibu na gamba, na upande wa pili kahawia wa moyo wa mti. Ulikishika kama mtu aliyepewa mtoto. Ukachonga propela yenye bawa moja jeupe na moja la kahawia. Ulitaka kuipaka vanishi, nikakuambia, "Mwalimu, usiharibu rangi hiyo. Isugue na nta tu." Ukaisugua na nta.

Mtetemo ulianza tangu siku ya kwanza. Injini ikiwa taratibu, ndege ilitulia. Ukiongeza moto, mkia ulitikisika mpaka hauonekani vizuri, skrubu zikajifungua zenyewe, na petroli ikafanya povu ndani ya tanki. Hewani injini ilikunywa povu hilo, ikakohoa, ikazima. Tulihangaika nayo miezi mingapi? Nilikaza skrubu zote nikazipaka rangi ya kucha zisifunguke, ukaniuliza kama ndege inaenda harusini. Tulizungushia tanki sponji ya godoro. Tuliweka raba ya tyubu ya baiskeli kati ya injini na ubao. Nilibadilisha beringi, nikatoa shafti nikaizungusha juu ya kioo kuona kama imepinda. Haikuwa imepinda.

Kisha ukasema tuitoe propela, tuizungushe nusu duara, tuirudishe. Tulipowasha, mtetemo ulikuja kwa namna nyingine. "Unaona?" ukasema. "Ni propela."

Niliona, Mwalimu. Nilijua unasema kweli. Lakini kila ulipoipima ulikuta iko sawa. Ulikuwa umesimamisha nyembe mbili kwenye vipande viwili vya sabuni, hapa hapa kwenye meza hii, unapitisha msumari laini kwenye tundu la propela na kuilaza juu ya nyembe. Bawa zito lingeshuka. Halikushuka lolote. "Kwangu imelala sawa kabisa," ulikuwa ukisema, na mimi nilijibu, "Kwako." Uwanjani hatukupima hata mara moja. Upepo wa kule haungeruhusu propela itulie juu ya wembe, na tulidhani kitu kilicho sawa Githongo kitakuwa sawa Siakago. Wewe mwalimu wa fizikia, mimi fundi, na hakuna aliyejiuliza.

Basi nikapiga hesabu yangu ya kijinga. Tatizo ni propela, anayeipima ni Mwalimu, Mwalimu anasema iko sawa. Kwa hiyo Mwalimu haoni.

Ningekuambia kando. Hata hilo sikuweza. Jumamosi ile ndege ilipoanguka kwenye miiba na bawa lake likavunjika, mtu mmoja kwenye kundi alisema kwa sauti, "Hiyo engine ya Wambeti ni skrepu tu." Ulimi hauna mfupa. Nikajibu kwa sauti kumshinda, wote wasikie: "Engine yangu haina shida. Huyu mzee haoni. Anapima na macho gani?"

Walicheka. Wewe ulivua miwani, ukaipangusa kwa shati, ukaivaa tena. Ukasema, "Inawezekana, fundi." Uliokota vipande bila kusema lolote kuhusu koleo, nami sikukusaidia kuvibeba kwa sababu nilikuwa bado nimekasirika, tena sikukukasirikia wewe bali yule aliyeita injini yangu skrepu. Ulipowasha pikapu ulinipungia mkono. Mimi nilijifanya natafuta skrubu kwenye nyasi.

Mwisho wa mwezi uliofuata hukuja. Sikukupigia simu. Nilijiambia atapiga yeye, mzee amenuna kidogo, atapoa. Mwezi mwingine ukapita, na mwingine. Kila Jumamosi ya mwisho, nikisikia gari nilikuwa natoa kichwa nje ya kibanda, halafu najikemea. Kisha Kendi akapiga, akaniambia ni kifua, umeugua siku nne tu ukaondoka. Kwenye mazishi nilisimama nyuma kabisa na wale wa kubeba viti. Walipouliza kama kuna rafiki wa marehemu anayetaka kusema neno, niliangalia chini. Mama Kendi alinipa boksi lenye propela akisema ulitaka niwe nayo. Niliitundika kwenye msumari kibandani, na hapo imekaa.

Kesho unatimiza mwaka. Kutakuwa na ibada kanisani kwenu, kisha tutaweka msalaba kaburini, na Mama Kendi aliniita nije mapema nimsaidie. Jumatatu, nikipanga nguo, niliitungua propela nikaiweka juu ya nyembe. Upepo ulikuwa umelala na nilikuwa nimefunga mlango. Bawa la kahawia lilianguka papo hapo. Nitakuambia ukweli, kwa kuwa huwezi kunijibu: nilifurahi. Nilisema, kumbe, nilikuwa na haki. Mzee haoni kweli. Nikaifunga kwenye kanga nimletee Mama Kendi aitundike ukutani.

Nimekuwa hapa tangu Jumatano, propela ikiwa kwenye dirisha hili lenye unyevu. Jana Mama Kendi alifungua droo akitafuta kijiko kikubwa, akatoa sabuni zako mbili na nyembe zake, zimeshika kutu. Hakuwa amezitupa. Nikaweka propela juu kwa ajili ya kumbukumbu tu, sikuwa na shaka.

Ililala sawa, Mwalimu.

Niliigeuza. Ikalala sawa. Nikafuta nyembe kutu, nikasogeza sabuni, nikaangalia meza kama imeinama. Sawa kabisa, kama ulivyokuwa ukisema. Nikaipeleka jikoni nikaitundika juu ya moto tangu saa sita mpaka wageni wa jioni walipoanza kuja, kisha nikaipima tena. Bawa la kahawia likaanguka.

Ni mbao. Kipande changu kilikuwa kinakunywa ukungu wa huku na kukaushwa na jua la kwetu, na upande mweupe ulikunywa na kupoteza maji zaidi ya ule wa kahawia. Huku mabawa yalitoshana uzito. Ukishuka nayo mapema na kusubiri upepo utulie, ikae kwenye jua la Siakago asubuhi nzima, bawa jeupe lilikuwa jepesi tayari kabla sijawasha injini. Jioni unarudi nayo, wiki ikiisha imekunywa tena, unaipima, unaiona sawa, kwa sababu iko sawa. Nilimpigia mjomba wangu. Akaniuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kuchukua kipande kile, maana upande wa nje huachwa ukae misimu miwili ya mvua, na hata hapo haufai bila kupakwa kitu cha kuziba. Vanishi ingeziba. Vanishi niliyokukataza.

Nilimwita Mama Kendi nikamweleza yote, nikionyesha kwa kidole, nikidhani namweleza mambo ya ndege. Alisikiliza akiwa amesimama na kijiko mkononi. Halafu akaketi.

Akaniambia yale ambayo wewe hukuniambia. Jumatatu baada ya siku ile ya miiba ulimpa mkwe wako ufunguo wa pikapu, ukasema hutaki kumgonga mtoto wa mtu. Jumapili iliyofuata ulimwambia katekista atafute msomaji mwingine wa neno, wewe uliyesoma pale mbele tangu Kendi hajazaliwa, kwa sababu ulihofia kulisoma vibaya mbele za Mungu. Gazeti ulianza kusomewa. Patasi zako ulizipaka grisi ukazifungia. Mama Kendi alikulazimisha uende kwa daktari wa macho, akakupima, akasema macho yako ni mazuri kwa umri wako na miwani uliyo nayo inakutosha. Ulitoka pale ukamwambia mkeo, "Daktari hajui. Fundi ameona."

Nilidhani ulininunia, Mwalimu. Miezi ile yote nilijifariji hivyo, kwamba tumekosana kama watu wazima wanavyokosana na kila mmoja ana sehemu yake. Kumbe hukuwa umekasirika hata kidogo. Uliniamini tu. Uliketi kwenye nyumba yako na macho mazima, ukamwachia mwingine kitabu, kwa neno nililolisema ili watu wa soko wasiicheke injini ya mashine ya nyasi.

Sijui kuomba msamaha kwa mtu ambaye hatanijibu. Nimejaribu tangu asubuhi, nimechana karatasi tatu. Maji yakimwagika hayazoleki, na sitakuandikia kana kwamba yanazoleka. Nimemwomba Mama Kendi, naye amekubali, kwamba kesho kanisani wakati wa matangazo nisimame. Hapo ndipo watu wako walipokuona ukiondoka pale mbele, na wengi wao bado wanaamini ulianza kupofuka. Wale wa Siakago nitawaambia Jumamosi ya mwisho, uwanjani, yule wa skrepu akiwepo. Ninaogopa ya kesho zaidi. Kimeru changu ni kibovu, unajua ulivyonicheka, kwa hiyo Mama Kendi amenifundisha sentensi chache na nimezirudia mpaka jirani amechungulia dirishani. Nitasema mimi ni nani, na kwamba mbao ilikuwa yangu, na kosa langu, na maneno yale yalikuwa yangu.

Ninakuahidi hilo, na sitarudi nyuma hata miguu ikigoma. Pumzika, Mwalimu. Kwaheri ambayo nilipaswa kukupungia siku ile nakupa leo, imechelewa, ipokee hivyo hivyo. Na sentensi ya mwisho nitakayowaambia kesho, nataka wewe uwe wa kwanza kuisikia: macho yako yalikuwa mazima. Ulikuwa unaona vizuri.

Fundi wako,
Wambeti