Dakika Tano za Sumari

Arusha, 9 Juni 1992

Mama,

Tik. Kama sufuria inayopoa. Mlio huo tu, kisha kimya, kisha fundi Sumari akainuka kwenda kutazama.

Samahani, nimeanza kabla ya salamu. Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima.

Serikali inafunga miradi ya utafiti isiyozaa, hata ya jeshi, na fataki yetu ya ishara iko mizanini. Mkuu kaniambia, “Andika fundi alizembea, Tabea. Mradi uishi.” Nimeandika. Penina akikuuliza fataki ilimuuaje mumewe Sumari, mwambie hakuteseka.

Mwanao,
Tabea

Nkoaranga, 21 Juni 1992

Mwanangu Tabea,

Marahaba. Goti linalalamika kuliko mwenyewe.

Nilimwambia Penina. Akajibu, “Sawa, hakuteseka. Alizembea?” Shemeji zake wanamwita mke wa mzembe mpaka kanisani. Sumari yule, aliyekuwa akifunga mlango kisha anarudi kuutikisa!

Mibuni yangu ilipougua niliifunga vitambaa vyekundu, ukaniambia naanika aibu barabarani. Lakini hakuna jirani aliyechukua miche mibovu kwangu.

Wewe ulikuwepo. Uliona nini?

Mama yako

Arusha, 4 Septemba 1992

Mama,

Shikamoo. Umeniandikia tena mara mbili, nikanyamaza. Nisamehe.

Maelekezo yanasema fataki isipolipuka, subiri dakika tano. Sumari alisubiri, saa nilishika mimi. Lakini Januari, yeye akiwa likizo, fataki mbili zilitoa mlio uleule, zikalipuka baada ya dakika saba, na tisa. Majaribio hayo niliyaondoa kwenye taarifa kwa mkono wangu, kwa kuwa wakaguzi walihesabu yaliyofaulu tu. Sumari hakuambiwa na mtu.

Oktoba wanakuja mafundi wapya. Maelekezo ni yaleyale.

Kwa hiyo juzi nilipeleka ripoti nyingine makao makuu, yenye majaribio yote, yaliyoshindwa kwa wino mwekundu, na jina langu chini. Mkuu akasema, “Umejifukuza mwenyewe.” Nikamwitikia.

Nakala moja nilimpelekea Penina jana. Nilipita langoni kwako, sikubisha hodi. Aliisoma amesimama.

“Tisa?” akauliza.

“Tisa.”

“Na wewe ulijua.”

“Nilijua.”

Akaingia ndani, akafunga mlango. Kisha nikasikia amerudi kuutikisa.

Mwanao,
Tabea