Seva Yetu Inaozea Katika Chumba cha Maparachichi, Nami Nimenyamaza

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla ya kuuomba naomba radhi kwa kimya cha mwaka mzima na miezi mitano, kwa sababu mara ya mwisho nilipokuandikia, tulipokuwa tunanunua seva ya kwanza ya kampuni yetu, ulinijibu kwa uungwana na ukaniagiza nihakikishe kwamba kumbukumbu zetu zinakaa mahali pawili palipo mbalimbali, kisha nikujulishe, nami sikulifanya hilo wala sikukujulisha, na kila wiki niliyochelewa iliifanya aibu iwe kubwa zaidi, hata ikawa rahisi kunyamaza kuliko kuandika.

Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka sitini na saba, na nilifundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na minne katika shule za Njombe. Nilipostaafu, mtoto wa marehemu kaka yangu, nitakayemwita Anania, aliniomba niwe msimamizi wa ofisi katika kampuni yake ya kufungasha maparachichi hapa Makambako. Majina yote nimeyabadili, nawe usilitoe langu.

Tunanunua matunda ya wakulima mia tatu themanini na sita, wengi wao wa Matembwe na vijiji vya jirani. Mnunuzi wetu wa ng'ambo hapokei tunda asilojua lilikotoka, kwa hiyo kila shamba lina namba yake, ramani yake, picha za miti yake, jina la dawa iliyopuliziwa na tarehe ya kupulizia. Yote hayo yamo ndani ya seva. Wakaguzi wa cheti watafika tarehe kumi na mbili Septemba, na mkulima asiye na kumbukumbu za misimu mitatu ataondolewa katika orodha, na matunda yake yatauzwa kwa ndoo kando ya barabara. Fomu za karatasi hatunazo tena. Zilipokwisha kuingizwa katika kompyuta, mwezi wa Juni mwaka jana, baridi ilipokuwa kali, mimi ndiye niliyeruhusu zitumike kuwashia majiko ya mkaa ya ofisini.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwezi wa Machi bati la ofisi lilikuwa linachoma kila alasiri na umeme ulikuwa unakatika, nami nilikuwa nimesikia semina moja ikisema kwamba seva hutaka baridi, nikatazama jengo letu lote nikaona kwamba chumba cha baridi cha kuhifadhia maparachichi kina kufuli, kina jenereta yake na kina nyuzi joto sita usiku na mchana, nikaona nimepata jibu ambalo wataalamu wamelikosa, nikaamuru seva ipelekwe humo na kuwekwa kwenye rafu juu ya kreti. Fundi wetu wa kompyuta, Efraimu, mtu mzima mwenye familia na duka lake Njombe mjini, alifika wiki ile kwa kazi nyingine akaikuta.

"Kamwene, Mwalimu. Nani kaileta seva humu?"

"Mimi. Si mnasema kila siku kwamba mashine hizi zinataka baridi?"

"Baridi kavu, Mwalimu. Humu tunanyunyizia maji ili matunda yasinyauke. Hebu gusa ukuta huu. Maji hayahaya ndiyo yatakayoingia kwenye mashine."

"Matamba kuna ukungu karibu mwaka mzima, na watu wa huko wana kompyuta."

"Wanazo, lakini hawaziogeshi."

Wapakiaji walicheka, nami sikuzoea kuchekwa mbele ya watu ninaowasimamia. Siku iliyofuata Efraimu aliniachia onyo lake kwa maandishi, nusu ukurasa, akitaka seva itolewe humo mara moja. Niliisahihisha barua ile kwa kalamu nyekundu, makosa kumi na moja, nikamrudishia, na juu ya unyevu sikumjibu neno.

Mwezi wa Julai diski moja kati ya mbili ilikufa. Efraimu aliifungua seva mbele yangu peke yangu, nikaona kwa macho yangu kutu ya kijani kwenye meno ya shaba yanayochomekewa diski. Alinitazama, akaifunga, akasema tu, "Umeona, Mwalimu." Kesho yake kulikuwa na kikao ambacho yeye hakualikwa. Anania akaniuliza, "Shangazi, nini kimeua diski?" Nikajibu kwamba huenda diski alizotuuzia fundi hazikuwa imara. Nilisema "huenda" ili dhamiri yangu isinihukumu, nayo imenihukumu vilevile. Mkataba wa Efraimu ulivunjwa palepale kwenye kikao.

Mshauri, seva bado imo ndani ya chumba kile, kwa sababu kuihamisha ni kukiri. Diski iliyobaki imeanza kulia, tik, tik, kisha kimya, kisha tik. Kila saa ninatafuta sababu ya kuingia humo, nasimama katikati ya kreti na sweta langu, nasikiliza, na inaponyamaza siondoki hadi iendelee. Jumatatu alikuja Oliva, mjane wa Matembwe aliyeng'oa miti ya mbao aliyoachiwa na mumewe ili apande maparachichi, akaniomba nimwonyeshe shamba lake kwenye kompyuta, kwa sababu hupenda kuiona picha yake akiwa amesimama kati ya miche. Kioo kilikwama. Alingoja akitabasamu, mikono imekunjwa. Picha ilitokea baada ya muda mrefu, akasema, "Asante, Mwalimu, mmetutunzia," akaenda zake.

Kampuni imekubali kununua chombo kipya cha kuhifadhia kumbukumbu. Muuzaji aliyetoka Dar es Salaam anatushauri tuchukue kile kinachoitwa SAN, yaani diski nyingi zenye mtandao wao wenyewe, swichi zao na kebo zao za nyuzi za kioo. Amos, mkuu wa upakiaji, anataka NAS, ambayo ni sanduku moja la diski linalochomekwa kwenye mtandao wa ofisi uliopo na kila kompyuta ikalifikia. Wengine wanasema tupeleke kila kitu kwenye hifadhi ya kukodi huko mtandaoni. Kikao chenyewe kilikuwa hivi:

"Hii SAN ndiyo wanayotumia mabenki," alisema muuzaji.

"Sisi ni benki? Sisi tuna maparachichi," alisema Amos.

"Wewe Amos ungeachiwa, ungehifadhi kumbukumbu kwenye kreti," alisema Anania.

"Kreti haijawahi kuniomba neno la siri, bosi."

Walicheka wote. Kisha Anania akanigeukia: "Shangazi, wewe ndiye msomi wetu. Chagua, utie saini Jumatano. Chochote utakachochagua kitafungwa Alhamisi, palepale kwenye chumba cha baridi, maana pale pana usalama."

Tangu aliposema "palepale" silali vizuri wala sili vizuri, kwa sababu nikinyamaza, chombo kipya kitaoza kama cha kwanza na kumbukumbu za familia mia tatu themanini na sita zitaoza ndani yake, na nikisema chumba hakifai, Anania ataniuliza nimejuaje, na jibu lake ni jina la Efraimu. Anania nimemlea tangu akiwa na miaka sita. Hajawahi kunisikia nikisema kwamba nimekosea, nami sijui nitaanzia wapi. Tafadhali niambie ni kipi bora kwa biashara kama yetu kati ya SAN, NAS na hifadhi ya mtandaoni, na kama ipo njia ya kukikataa chumba kile bila kueleza sababu. Safari hii sitakaa kimya. Nikisha kuamua nitakuandikia siku hiyohiyo, hata kama uamuzi wenyewe utanifedhehesha.

Mwalimu mwenye hofu,
Makambako


JIBU

Mwalimu,

Radhi nimeipokea. Jibu hili nimekutumia kwanza kwa simu, kwa sababu gazeti linatoka Jumamosi na diski yako haitangoja Jumamosi.

Acha kusikiliza, anza kunakili. Leo hii nunua diski mbili za nje, zile za kuchomeka. Wazuie watu wote wasiingize chochote kwenye seva. Zinakiliwe kwanza kumbukumbu za dawa na orodha ya mashamba, ambazo ni ndogo na ndizo wakaguzi watakazozitaka, kisha ramani, na picha ziwe za mwisho, hata kama Oliva anaipenda yake. Seva isizimwe kabla nakala hazijafunguliwa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine, kwa maana diski inayolia ikizimwa huenda isiwake tena. Baada ya hapo izimeni, itoeni humo, ikae mahali pakavu siku nzima bila kuwashwa. Ikifa katikati ya kazi, msiipige, msiifungue, msiiwashe na kuizima mkitumaini itaona huruma. Hiyo itakuwa kazi ya mtaalamu wa kufufua diski, na kila mtakalojaribu litampunguzia nafasi.

Kuhusu chombo, Amos yuko sahihi. SAN ni kitu kizuri kwa kampuni yenye seva nyingi zinazogombania diski zilezile, na yenye watu wa kuitazama usiku na mchana. Wewe una seva moja na ofisi ndogo. Nani ataitengeneza swichi ya SAN ikiharibika katikati ya msimu, na atatoka wapi? Chukua NAS yenye diski nne, ipangwe hivi kwamba mojawapo ikifa kazi inaendelea huku mkibadilisha iliyokufa. Kukodi hifadhi mtandaoni kwa kumbukumbu zote si busara ikiwa mtandao wenu unakatika, ila orodha ya mashamba na tarehe za dawa zipelekwe huko pia, zikiwa zimefungwa kwa neno la siri.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu mara ya kwanza hukusikiliza. Diski nne ndani ya sanduku moja si nakala nne. Maji yakiingia yanaziingia zote. Mtu akifuta shamba la mkulima kwa bahati mbaya, linafutika kwenye zote kwa pamoja. Nunua sanduku la pili, dogo, liwekwe Njombe mjini, kilomita sitini kutoka hapo, na kila jioni likivute kwake kile tu kilichobadilika siku hiyo, huku likitunza matoleo ya zamani. Pesa za swichi za SAN zitatosha kulinunua. Kila mwezi chagua wakulima watano, uzirudishe kumbukumbu zao kutoka kwenye nakala ya Njombe, uzifungue uzione. Ulifundisha miaka thelathini na minne. Hukuwahi kuamini kwamba mwanafunzi ameelewa kwa sababu tu alitikisa kichwa.

Chumba kiwe cha kawaida, kikavu, chenye kufuli na hewa inayopita. Weka UPS, yaani betri ya akiba, ili umeme ukikatika mashine izimike kwa utaratibu. Na jiko la mkaa lisiingie humo hata Juni, maana majivu nayo huua.

Umeuliza kama unaweza kukikataa chumba cha baridi bila kueleza sababu. Huwezi. Utasema "hakifai", Anania ataheshimu neno la shangazi yake, na mwakani ukiwa likizo mtu mwingine mwenye akili kama ulizokuwa nazo Machi ataona kufuli, jenereta na baridi, na atairudisha mashine humo. Kinachowalinda wakulima wako ni watu wote wa kampuni kujua kilichoiua diski ya kwanza. Wewe ndiye unayejua, na umewanyima.

Ninakuonea huruma, Mwalimu, na si kwa adabu tu. Najua mwanamke anayeshika ofisi katika umri wako huhesabiwa kila kosa, na najua ilivyo vigumu kukosea mbele ya mtoto uliyemlea. Lakini umemwacha mtu mwenye familia abebe kosa lako tangu Julai, naye alikuwa amekuonya kwa mdomo na kwa maandishi. Efraimu ana duka mjini Njombe. Mji ni mdogo. Je, umejiuliza ni wateja wangapi wameshasikia kwamba huuza diski mbovu?

Unaogopa Anania atakuona mdogo. Huenda akakuona hivyo kwa muda. Utavumilia. Ukingoja hadi tarehe kumi na mbili Septemba, atakachokiona ni kikubwa kuliko hicho, na Oliva atakuwa amesimama hapo naye.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukimaliza kusoma, mpigie Efraimu kabla hujaenda kusikiliza diski tena. Mwambie kwamba alisema kweli na wewe ulijua. Usimweleze sababu zako, hajaziomba. Akikata simu, ni haki yake, na utatafuta fundi mwingine leo leo. Akikubali kuja, mlipe kama mtaalamu, na umsikilize kama mtaalamu. Jumatano, kabla hujatia saini, omba kikao kama kile cha Julai, watu walewale, na Efraimu aalikwe. Useme ulichokiona kwenye meno ya shaba, useme ulichokijibu, kisha ukae kimya uwaache waseme wanayotaka kuyasema. Ndipo utie saini kwenye NAS.

Na Alhamisi sanduku jipya litakapofika, simama wewe mwenyewe mbele ya mlango wa chumba cha baridi, uwaambie wabebaji wapite moja kwa moja hadi kwenye chumba kikavu.